Mabomu Yaliyolala Chini ya Bahari



Mwishoni mwa Agosti 2019, kuanzia tarehe 28 hadi 31, kikosi cha wanamaji wa NATO kililipua mabomu 42 katika mlango wa bahari wa Fehmarn, kati ya Ujerumani na Denmark. Yalikuwa mabomu ya Waingereza, yaliyotegwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nayo yalikuwa yamelala kitakoni mwa bahari kwa zaidi ya miaka 70. Njia ile hupitwa na meli za abiria na za mizigo usiku na mchana. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema mabomu yale yangeachwa yalipo.

Lakini eneo lile ni hifadhi ya bahari, na Agosti ni mwezi ambao pomboo majike wa huko wanatembea na watoto wanaonyonya. Simzungumzii pomboo tunayemwona Kizimkazi. Huyu ni jamaa yake mdogo, mnene, mwenye pua butu, ambaye wataalamu humwita Phocoena phocoena. Kati ya Septemba na Novemba wanyama hawa waliokotwa wamekufa kwenye fukwe za jimbo la Schleswig-Holstein, na madaktari wa mifugo na wanyamapori wakawachunguza 24. Wanane kati yao walikutwa na dalili za kujeruhiwa na mlipuko. Ule mfupa mdogo wa sikio la kati uitwao nyundo ulikuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho, mifupa mingine ya sikio ilikuwa imeteguka, na damu ilikuwa imevilia katika mafuta ya taya la chini, ambayo kwa mnyama huyu ndiyo njia ya sauti kuelekea sikioni. Wengine wawili, mmoja aliyenaswa na wavu na mmoja aliyepigwa na kitu kizito, nao walikuwa na alama zilezile. Ripoti ya uchunguzi huo ilichapishwa mwaka 2022.

Mfikirieni yule wa wavuni. Pomboo huyu hutoa milio mikali mno ambayo sikio la mwanadamu haliwezi kuipata, kisha husikiliza mwangwi wake ili ajue samaki yuko wapi, mwamba uko wapi, wavu uko wapi. Katika maji yenye giza masikio ndiyo macho yake. Siwezi kuapa kwamba alinaswa kwa sababu ya uziwi, lakini mnyama wa namna hii akishavunjika mifupa ya sikio, haihitaji bomu la pili kumuua.

Hoja yangu leo ni moja. Tumezoea kusema bomu la baharini limeondolewa pindi linapolipuka bila kumuua mtu. Fizikia ya mlipuko ndani ya maji inatuambia kwamba hiyo ni nusu ya kazi, na kwamba nusu iliyobaki wanaolipa ni viumbe na watu ambao hawakushirikishwa kuamua.

Tuanze na maji yenyewe. Hewa hukubali kukandamizwa, kama godoro la sufi linavyobonyea, na katika kubonyea huko hula sehemu kubwa ya nguvu ya mlipuko. Maji hayabonyei kirahisi. Uzito wake kwa ujazo uleule ni takriban mara 800 ya hewa, na sauti husafiri ndani yake kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Baruti ikilipuka majini, hugeuka gesi ndani ya muda usioweza kuhesabiwa kwa saa ya mkononi. Maji yanayoigusa gesi hiyo hupata mgandamizo unaozidi mara 100,000 ya ule wa hewa tunayoivuta. Kutoka hapo huondoka wimbi la mshtuko, ukuta mwembamba wa mgandamizo unaokwenda pande zote.

Robert Cole, mwanafizikia wa Marekani, alikusanya maarifa ya miaka ya vita katika kitabu kilichotoka mwaka 1948, na hadi leo wahandisi wa meli hukitumia. Ukifuata hesabu za namna yake, kilo 300 za TNT zikilipuka huleta, umbali wa mita 100, mgandamizo wa karibu mara 24 ya hewa, nao hudumu takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Umbali wa kilomita nzima bado wimbi lina karibu mara mbili ya mgandamizo wa hewa. Aliyesimama kwenye sitaha umbali huo ataona maji yakiruka na kusikia kishindo, kisha ataendelea na chai yake. Kiumbe aliye ndani ya maji umbali uleule amepigwa.

Hesabu hizo zina jambo jingine ambalo watu wengi hulikosea. Ukitaka mgandamizo uleule ufike mbali mara mbili, unahitaji baruti mara nane. Geuzeni hesabu hiyo: ukipunguza baruti hadi sehemu moja ya nane, eneo la hatari linapungua kwa nusu tu ya umbali. Ndiyo maana maneno ya kwamba "bomu lilikuwa dogo" hayanipi faraja yoyote.

Baada ya wimbi la kwanza huja jambo la pili, nalo ndilo linalozamisha meli. Karibu nusu ya nishati yote hubaki ndani ya kiputo cha gesi. Kwa bomu la kilo 300 lililoko kina cha mita 20, kiputo hicho hutanuka hadi upana wa mita 14 hivi. Kwa kuwa kimejitanua kupita kiasi, gesi iliyomo hudhoofika, maji ya pembeni hukirudia na kukikandamiza, kisha hutanuka tena. Mzunguko mmoja huchukua takriban sekunde 0.8, na kila kinapojikunja hutuma pigo jingine huku kikipanda juu. Conyers Herring alishughulikia hesabu za mapigo hayo Marekani mwaka 1941. Mwaka huohuo, Uingereza, G. I. Taylor alieleza kinachotokea wimbi la mshtuko linapokutana na bamba la chuma. Wote wawili walifanya kazi hiyo kwa ajili ya vita, na kwa miaka mingi matokeo yao yalikuwa siri ya serikali.

Meli ndefu ina mtikisiko wake wa asili, mara moja au mbili kwa sekunde. Mapigo ya kiputo yakilingana na mtikisiko huo, meli hupinda juu na chini mpaka mkuku unakatika. Tarehe 21 Novemba 1939 manowari ya Uingereza iitwayo Belfast ilipita juu ya bomu la sumaku katika ghuba ya Firth of Forth, Uskoti. Tundu lililotoboka lilikuwa dogo. Lakini mgongo wa meli ulivunjika, mitambo ikang'oka kwenye viti vyake, na matengenezo yakachukua karibu miaka mitatu. Meli hiyo leo imetia nanga mtoni London, ni makumbusho, na kila mwanafunzi wa uhandisi wa meli anayefika huko anastahili kuitembelea. Somo lake ni kwamba katika maji, jeraha baya haliko kwenye tundu.

Na mwili wa kiumbe je? Nyama na damu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo wimbi hupita ndani yake bila kizuizi kikubwa. Madhara huanza pale linapokuta hewa. Kwenye mpaka wa maji na hewa wimbi hugeuzwa, na pale palipokuwa panasukumwa panavutwa ghafla, utando ukachanika. Mapafu, utumbo wenye hewa, sikio la kati, kibofu cha hewa cha samaki: hizo ndizo sehemu zinazopasuka. Katika vita ile ya pili mabaharia walioruka majini meli zao zikizama, kisha mabomu ya kina yakalipuka karibu, waliokolewa bila jeraha lolote kwenye ngozi, na baadhi yao wakafa kwa utumbo uliopasuka. Madaktari waliowapasua ndio waliotufundisha mengi tunayoyajua.

Nije kwenye kazi ya kuyaondoa mabomu, ambayo naiheshimu sana. Kwa muda mrefu adui alikuwa bomu la nanga: mpira wa chuma wenye pembe, unaoelea chini kidogo ya uso wa maji huku umefungwa kwa waya, ukingoja kuguswa. Dawa yake ilikuwa kuburuta nyaya zenye makali kuukata ule waya, bomu likaibuka, likapigwa risasi. Silaha hii ni ya kizamani, lakini haijafa. Mnamo 14 Aprili 1988 manowari ya Marekani Samuel B. Roberts iligonga katika Ghuba ya Uajemi bomu la muundo uliobuniwa Urusi mwaka 1908. Mkuku wake ulivunjika, na ikanusurika kwa juhudi za mabaharia wake waliohangaika kwa saa nyingi kuzima moto na kuziba maji.

Mwaka 1939 Wajerumani walileta bomu lisilohitaji kuguswa. Lilikaa chini kabisa, likahisi sumaku ya meli ikipita juu, likalipuka. Kwa majuma kadhaa bandari za Uingereza zilikuwa hatarini kufungwa. Usiku wa kuamkia 23 Novemba ndege ya Kijerumani ilidondosha mabomu mawili kwenye matope ya Shoeburyness, karibu na mlango wa mto Thames, na maji yalipokupwa yakabaki wazi. Luteni Kamanda John Ouvry na msaidizi wake, afisa mdogo Baldwin, waliliendea bomu moja wakiwa na zana zisizo na sumaku zilizotengenezwa makusudi. Ouvry alisema kila hatua kabla ya kuifanya, ili akifa anayemfuata ajue ni wapi asirudie. Hakufa. Ndani ya muda mfupi wanasayansi wakajua bomu linahisi nini, meli zikazungushiwa nyaya za umeme za kufuta sumaku yake, na vyombo viwili viwili vikaanza kuburuta nyaya ndefu zenye umeme ili kuyadanganya mabomu yalipuke mbali. Wajerumani wakajibu kwa mabomu ya kusikia mngurumo wa injini, na mengine yenye kihesabio kinachoziacha meli kadhaa zipite kwanza. Miongoni mwa waliofanya kazi katika idara ya mabomu ya wanamaji wa Uingereza alikuwa kijana Francis Crick, yuleyule ambaye mwaka 1953 alishirikiana na James Watson kueleza umbo la DNA.

Kihesabio kile ndicho kinachofanya kazi hii isiwe na mwisho wa uhakika. Unaweza kufagia njia leo mara tano bila kitu, na ya sita ikawa kifo. Ndiyo maana siku hizi wanamaji wengi huwinda badala ya kufagia: meli isiyo ya chuma cha sumaku hutazama kitako cha bahari kwa sona, hukagua kila kitu chenye umbo la kutia shaka, kisha hupeleka mzamiaji au chombo kidogo kisicho na mtu kikaweke baruti pembeni. Halafu wanalipua. Betri ya bomu la zamani huisha, baruti yake haiishi, na kwa kuwa hakuna anayejua kiwashio kimeozaje, kulipua palepale ndiko kunakompa mzamiaji nafasi kubwa ya kurudi nyumbani. Sitamlaumu hata mmoja wao. Ninachodai ni kwamba wanaowatuma wawape njia nyingine.

Njia hizo zipo. Ya kwanza ni pazia la viputo: bomba lenye matundu hulazwa kitakoni kuzunguka bomu, hewa ikasukumwa, na viputo vinavyopanda hufanya ukuta wa hewa ndani ya maji. Hewa ileile inayowaponza samaki na pomboo hapa inawaokoa, kwani wimbi linapoukuta ukuta ule sehemu kubwa ya nguvu yake hutawanyika. Haifai penye mkondo mkali au kina kirefu, nalo ni jambo la kuzingatia. Ya pili ni kuichoma baruti badala ya kuilipua: chombo maalumu hutoboa ganda la bomu kwa mkuki wa moto, na kilichomo kikaungua haraka bila kufikia mlipuko kamili. Vipimo vilivyofanywa Uingereza katika shimo la machimbo lililojaa maji, na matokeo yake kutolewa mwaka 2020, vilionyesha sauti ikipungua kwa zaidi ya desibeli 20. Kwa mgandamizo, hiyo ni sehemu moja ya kumi. Hakuna hoja ya gharama itakayonishawishi kwamba tofauti ya mara kumi haina maana. Ya tatu ni kuliinua bomu na kwenda kuliharibu nchi kavu, pale kiwashio chake kinaporuhusu.

Kwa nini basi tuendelee kulipua? Kwa sababu madhara hayaonekani. Watafiti wa Uholanzi walichukua milipuko 88 iliyofanywa katika mwaka mmoja kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa nchi yao, wakalinganisha na idadi ya pomboo walioko, wakakadiria kwamba huenda ilisababisha matukio ya uziwi wa kudumu yasiyopungua 1,280, na labda hadi 5,450. Hakuna aliyeona hata moja. Tena mlipuko usiokamilika hutawanya vipande vya TNT kitakoni, na kemikali hiyo imeshapimwa ndani ya kome waliowekwa karibu na mabomu yaliyozama pwani ya Ujerumani. Kome ni chakula cha watu.

Sheria nayo iko nyuma. Mkataba wa nane wa The Hague wa mwaka 1907 unazitaka nchi, vita vikiisha, kila moja iondoe mabomu yake, na kuwajulisha wengine yalipo yale ya nanga yaliyotegwa kwenye pwani zao. Ni mkataba mzuri, lakini ulizungumzia mabomu ya kuguswa, kabla ya haya ya sumaku na sauti. Mwaka 1946, tarehe 22 Oktoba, manowari mbili za Uingereza ziligonga mabomu katika mlango wa bahari wa Corfu, wakafa watu 44. Kesi hiyo ilikuwa ya kwanza kufika katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Aprili 1949 Albania ilionekana ina hatia kwa kuwa isingeweza kukosa kujua mabomu yaliyotegwa kwenye maji yake, na haikuonya. Mahakama haikuthibitisha nani aliyeyatega. Ilitosha kwamba aliyejua alinyamaza. Msingi huo ni mkubwa kuliko wanasheria wetu wanavyoutumia.

Wapo mnaojiuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa njia mbili. Mwaka 1984 mabomu yalitegwa kwa siri katika Bahari ya Shamu na meli kama 19 zikapata madhara. Njia hiyo ndiyo inayoleta shehena zetu kutoka Ulaya na Bahari ya Kati. Tangu 2022 mabomu yamekuwa yakielea Bahari Nyeusi, inakopita sehemu ya ngano tunayosaga hapa, na Januari 2024 Uturuki, Romania na Bulgaria zilitia saini makubaliano ya kuyaondoa kwa pamoja. Mabomu ya mbali huingia katika bei ya mkate wa Dar es Salaam na Mombasa.

Njia ya pili inauma zaidi, kwa sababu ni mkono wetu wenyewe. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania mwaka 1970, na bado mwaka 2015 watafiti waliozunguka pwani yote wakiburuta vipaza sauti vya chini ya maji, kwa safari ya zaidi ya kilomita 2,600 iliyokusudiwa kuwasikiliza nyangumi na pomboo, walinasa milipuko 318. Zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Chupa ya mvuvi haramu haina kilo 300, lakini mnakumbuka ile hesabu ya nane na mbili. Samaki mwenye kibofu cha hewa hupasuka ndani, wengi huzama wasiokotwe, vifaranga hufa pamoja na wazazi, na matumbawe yaliyojengeka kwa miongo mingi hugeuka kifusi ambacho hakishiki mbegu mpya. Mzee mvuvi anayetupa dema na mshipi wake umbali wa nusu kilomita hawezi kueleza kwa nini chewa wamekwisha. Aliyebomoa yuko upande wa pili wa mwamba. Serikali ilipokaza mkono miaka iliyofuata, milipuko ilipungua, na hilo linatuonyesha kwamba inawezekana.

Nimeyaweka mabomu ya NATO na chupa za wavuvi wetu katika mhadhara mmoja kwa makusudi. Nia hazifanani hata kidogo: mmoja anaokoa mabaharia, mwingine anaiba. Maji hayaulizi nia. Wimbi lina kanuni moja, na sikio la pomboo wa Fehmarn halina tofauti kubwa na la pomboo wa mkondo wa Pemba.

Ujerumani, ambayo inakadiria kuwa na tani milioni 1.6 za silaha za zamani katika bahari zake, ilitenga euro milioni 100, na mwaka 2024 ikaanza kwa majaribio kuziinua moja moja kutoka ghuba ya Lübeck. Ni kazi ya polepole na ya gharama kubwa, na ndiyo sahihi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa waliomo ukumbini. Wanasheria na mabalozi wetu, kila panapozungumzwa amani ya Bahari ya Shamu au ya Ghuba, dai la ramani za mabomu liwe mezani siku ya kwanza, na gharama ya kuyaondoa kwa njia isiyolipua imwangukie aliyeyatega. Mamlaka za uvuvi na za hifadhi, wekeni vipaza sauti vya kudumu chini ya maji kutoka Tanga hadi Mtwara. Mlipuko mmoja husikika mbali, na vyombo vichache vingeweza kutuonyesha ulipotokea kabla mashua haijafika pwani. Na ninyi wanafunzi wa fizikia, sauti ya majini haina wataalamu wa kutosha katika ukanda huu. Njooni muisome.